Fukuto Halina Kivuli

Sagana, stegini, saa nne asubuhi. Nimeketi chini ya mwembe nikiingoja matatu ya kutoka Karatina. Ndani yake yumo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Atashuka hapa dakika chache, anisalimie, kisha aendelee Nairobi. Kesho kutwa anaruka kwenda Doha, kazi ya ulinzi. Jana usiku nilimpigia simu nikamuuliza kama amejiandaa kwa joto.

"Anko, joto si tatizo," akasema. "Si hata Sagana ni joto?"

Maneno hayohayo niliyasema mimi mwaka 2016, hapahapa stegini, nikienda kufanya kazi Muscat, Oman, nikiwa na begi moja na kiburi kingi.

Tena hakukosea. Nyeri mjini ni kama mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, Sagana ni kama 1,200, na kwa kila mita 1,000 unazoshuka, joto hupanda nyuzi 6 hivi. Abiria wa Nyeri anayeijua njia huanza kufungua vifungo vya sweta akishaipita Karatina. Akifika hapa keshaifunga kiunoni na mkono uko nje ya dirisha, anateta bei ya embe. Sisi wa Sagana huwacheka. Tunajiona watu wa jua. Wiki mbili kabla ya kusafiri nilikuwa Mwea nikipakia magunia ya mpunga mchana kutwa, nikarudi nyumbani nikala, nikalala, basi.

Nimekuja na daftari langu la Muscat. Ukurasa wa kwanza, Mei 2016, una maneno mawili tu: "Jasho halikauki."

Hapo ndipo Sagana ilipokuwa imenidanganya. Hewa yetu ni kavu kiasi. Jasho likitoka, upepo unalikausha, na kule kukauka ndiko kunakoupoza mwili. Muscat iko ufuoni, na hewa ya kiangazi inaweza kujaa unyevu wa bahari. Jasho linatoka, linateremka mgongoni mpaka viatuni, na wewe bado unawaka. Umepoteza maji na chumvi, na ubaridi hukuupata.

Niliangukia mtaa wa viwanda uitwao Ghala, na kazi niliyopangiwa ilikuwa ya ghalani. Nilidhani wananitania. Tulikuwa tunashusha vigae kutoka kwenye makontena, na kontena lililopigwa na jua tangu alfajiri ukiligusa linakuchoma. Siku ya tatu misuli ya mapaja ilinibana. Kisha kichwa. Kisha, hivi ndivyo nilivyosimuliwa na mwenzangu wa Kerala, nikaanza kumuuliza kwa adabu kabisa kama matatu ya Makutano imeshapita.

Huyo ndugu ndiye aliyeniokoa. Alinivuta kivulini, akanivua viatu na shati, akanimwagia maji ya pipa mwili mzima, akanipepea kwa katoni mpaka gari lilipopatikana. Hakunilazimisha kunywa. Baadaye nilielewa kwa nini: mtu akishaanza kuropoka, akili imeyumba, maji ya kunywa yanaweza kumpalia. Huyo anapozwa kwa nje, haraka, huku daktari anatafutwa.

Kwenye kliniki muuguzi aliniuliza natoka wapi. Kenya. Palepale akanitoboa kidole kupima malaria, nami nikaudhika: yaani Mwafrika akiugua ni malaria tu? Leo namwona alikuwa na akili kunishinda. Malaria ya mbu wa Mwea inaweza kujificha wiki moja, mbili, hata mwezi, ndipo ilipuke ukiwa ugenini, na kila mtu pale, wewe ukiwemo, aseme ni jua. Sisi wa pande za mlimani hatuna hata ile kinga kidogo waliyo nayo watu waliokua nayo. Kipimo hakikuonyesha kitu. Lakini mpwa wangu nimeshamwambia: homa yoyote ya mwezi wa kwanza, sema umetoka Afrika Mashariki kabla hujaulizwa.

Jambo linalonikera hadi leo ni hili. Kabla ya kuondoka nilipigwa eksirei ya kifua, nikatolewa damu, nikapimwa kifua kikuu, ukimwi na homa ya ini. Nikachanjwa homa ya manjano na kupewa ile kadi (chanjo ipatikane angalau siku 10 kabla ya safari, siku hizi kadi moja inatosha maisha yote). Yote hayo yalikuwa ya kuwalinda wenyeji dhidi yangu. Juu ya kile ambacho nchi yao ingenifanyia mimi, sikuambiwa neno.

Ningeambiwa kwamba mwili hujifunza joto, na masomo yake huchukua wiki moja hadi mbili. Jasho huanza kutoka mapema, linakuwa jingi zaidi, chumvi inayopotea humo inapungua, moyo nao unaacha kukimbia ovyo. Wataalamu wa afya kazini hushauri mgeni afanye kazi kwenye joto kali kwa sehemu ya tano tu ya zamu yake siku ya kwanza, kisha aongeze kidogo kidogo kila siku. Mimi nilipewa saa kumi tangu siku ya kwanza, na msimamizi aliyesema Waafrika wamezoea jua.

Sheria ilikuwepo. Nchini Oman kazi za nje husimamishwa mchana, kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, miezi ya Juni, Julai na Agosti. Mimi nilianguka Mei. Huko Doha anakokwenda kijana, tangu 2021 katazo ni refu zaidi: kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, Juni mosi hadi katikati ya Septemba. Tena wana kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo, kikipita 32.1, kazi ya nje isimame hata kama ni saa mbili asubuhi. Nimemwandikia namba hiyo kwenye karatasi. Kuidai mbele ya bosi ni habari nyingine.

Neno lenyewe la kuliita joto lile nililipata dukani. Nyuma ya kaunta alikuwa akikaa bibi mmoja, mama wa mwenye duka, aliyekulia Unguja na kufika Oman baada ya 1970, wakati Sultani Qaboos alipoanza kuwafungulia mlango Waomani wa pwani yetu. Nilimwambia: "Shikamoo bibi. Jua la kwenu kali."

"Marahaba. Hilo si jua, mwanangu. Hilo fukuto. Jua utalikimbia uingie kivulini. Fukuto utalikimbilia wapi?"

Akanifungulia chupa ya labani, maziwa ya mtindi, akatia chumvi kidogo na kunisukumia. Mimi nilikuwa nakunywa maji matupu lita kwa lita na kichwa hakiachi kuuma. Jasho lina chumvi. Ukirudisha maji peke yake bila chumvi, damu inazidi kuwa nyepesi, nayo ni hatari ya namna yake. Tangu siku hiyo: maji kikombe kila robo saa bila kungoja kiu, chakula chenye chumvi, na mkojo wa kuukagua. Ukifika rangi ya strungi, umechelewa.

Nyumbani mama alikuwa amenifungia kopo la mafuta mazito, yale ya kukinga ngozi na baridi ya Julai. Nilijipaka kwa utiifu wiki nzima, nikaota harara shingo hadi kiuno, maana mafuta yaliziba matundu ya jasho. Ikanibidi kuoga, kujikausha vizuri na kuvaa pamba. Na mwenzetu wa Othaya, aliyekuwa na presha, alikuwa anameza vidonge vya kumkojoza maji. Ilibidi daktari amkadirie upya. Dawa uliyoandikiwa kwenye baridi inafaa iulizwe tena kabla ya kupanda ndege.

Inachekesha kwamba walowezi wa Kizungu walipokuja nyanda hizi za juu, walilihofu jua la hukuhuku kwetu. Walivaa kofia nene na wengine vitambaa vya kukinga uti wa mgongo. Pale Nyeri! Mgeni ama anaogopa sana, ama haogopi kabisa.

Usiku ndio ulionitisha kuliko mchana. Tarehe 26 Juni 2018, Quriyat, mji wa pwani usio mbali na Muscat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kutwa kucha. Hapa Sagana mchana ukikushinda, usiku hukusamehe. Kule ukikosa kipoza hewa chumbani, kesho unaanza kazi na deni la jana.

Halafu mabomba. Tangi liko juu ya paa, limechemka. Ukifungua koki ya baridi unaungua. Wazoefu huzima hita mwezi wa Mei. Maji yaliyomo ndani ya hita, chumbani mle penye kipoza hewa, yanatulia. Basi kiangazi kizima unaoga maji baridi kutoka koki nyekundu. Ilinichukua wiki sita kugundua.

Matatu imefika. Kijana ameshuka na sweta, na jaketi juu yake. Nampa karatasi na pakiti kumi za chumvi na sukari za kuchanganya na maji. Anazigeuzageuza.

"Anko, hii si ya watoto wanaohara?"

"Hiyohiyo."

Anacheka, anavua sweta ananiachia. Namsimulia ya koki haraka haraka huku makanga anapiga bati. Gari limeshaanza kusogea anapotoa kichwa dirishani.

"Anko! Ni koki gani tena?"

"Ya moto!" napaza sauti, na abiria wote wanageuka kunitazama.