Kuku wa Mayai Mia Tatu na Kisiwa Kisicho na Mahindi

Swali limerudi tena kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa kisiwa cha Macaloe, kule Cabo Delgado, Msumbiji, na safari hii kalileta shangazi: "Mwanangu, hao kuku wa Ulaya wanaotaga kila siku, sisi huku tuchague yupi?" Vijana hawakungoja. Mmoja kamwambia ISA Brown, wa pili Lohmann, wa tatu kabandika picha ya Kuroiler aliyemwona Mtwara, na bei yake chini. Mimi nilimwomba shangazi subira. Kwa kuwa wengi wenu mnaosoma hapa mnaulizwa hivyohivyo na jamaa zenu wa Pangane, Ibo na Palma, namjibu hadharani.

Jibu fupi ni hili. Hapa Leicester mtu huchagua kuku tu, kwa sababu mambo mengine yote yamekwisha kupangwa na watu wengine. Macaloe lazima uchague kwanza nani atamlisha huyo kuku, nani atamchanja, na akifa nani atatoa mwingine. Ukishajibu hayo matatu, jina la kuku linakuja lenyewe.

Huku: orodha na rangi

Muingereza anayetaka kuku wanne wa nyuma ya nyumba huenda kwa mfugaji anayeuza mitetea iliyokaribia kutaga. Anaonyeshwa Warren mwekundu, Black Rock mweusi, Bluebell wa kijivu, Speckledy mwenye madoa. Anauliza maswali matatu: ni mpole kwa watoto? yai lake lina rangi gani? anataga mangapi kwa mwaka? Analipa, anaondoka na sanduku.

Wengi wa hao ni chotara, na nyuma yao kuna kazi kubwa ya kitaalamu. ISA Brown alitoka Ufaransa mwaka 1978. Wazazi wake huchaguliwa kwa ustadi hata kifaranga akianguliwa rangi yake inataja jinsia: wa kike hutoka wekundu, wa kiume weupe wenye umanjano. Hakuna haja ya kungoja miezi kumjua jogoo. Mtetea huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na kwa mwaka hupita mayai 300. Hataki kuatamia. Hamu hiyo imepunguzwa kizazi baada ya kizazi, kwa sababu kuku anayeatamia hatagi.

Vifaranga wa kiume wa koo hizi hawana kazi. Hawatagi, na hawanenepi kama kuku wa nyama, kwa hiyo kwa miaka mingi wameuawa siku ya kuanguliwa. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia tarehe 1 Januari 2022. Shangazi, najua hapo utashtuka. Kwetu jogoo ndiye kitoweo cha mgeni, cha maulidi na cha khitima, nani amtupe?

Mitetea nayo haina maisha marefu kazini. Ikikaribia wiki 72 au zaidi kidogo, shamba kubwa huitoa na kuleta mipya. Ipo taasisi iitwayo British Hen Welfare Trust, iliyoanzishwa mwaka 2005, inayowachukua kuku hao na kuwagawa kwa watu wenye bustani. Majirani zangu wawili wanafuga kuku wa namna hiyo, wametoka shambani na manyoya yamewapukutika, na bado wanataga.

Usidhani pia kwamba huku ni kufuga unavyotaka. Sheria ya viwanja vya bustani ya mwaka 1950 inamruhusu mwenye kiwanja kufuga kuku majike, mradi si kwa biashara. Jogoo hahesabiki humo, na nyuma ya nyumba akiwika alfajiri majirani hushtaki. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, England na Wales, hata mwenye kuku mmoja lazima ajiandikishe serikalini kwa ajili ya mafua ya ndege. Na ukiwapa kuku wako mabaki ya jikoni unavunja sheria, isipokuwa kama nyumbani kwako hakuliwi nyama, samaki, maziwa wala mayai. Ukoko wa wali tunaoumwaga uani kila siku, huku ni kosa.

Ndiyo maana chakula chao chote hutoka kwenye mfuko wa dukani: protini asilimia 16 hivi, chokaa imeshapimwa, vitamini zimo. Na kabla hawajauzwa, wamechanjwa huko walikoanguliwa. Mnunuzi anakuta kazi imekwisha, imebaki rangi.

Sababu zao nyingine hazituhusu

Waingereza wanawapenda chotara kwa jambo moja ambalo sisi hatulijui: giza la baridi. Kuku hutaga akichochewa na mwanga, na anayetaga vizuri anataka saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku. Desemba hapa jua linatoka kwa chini ya saa 8. Kuku wa koo za zamani husimama kutaga kabisa hadi mchana urefuke. Chotara, katika mwaka wake wa kwanza, huendelea. Kwa mtu wa huku hiyo peke yake ni sababu ya kumnunua.

Macaloe siku fupi kabisa ya mwaka ina zaidi ya saa 11 za mwanga, na ndefu kabisa inakaribia 13. Kuku wetu hasimami kwa sababu ya majira. Husimama kwa sababu ya njaa, ugonjwa, au kwa sababu amekalia mayai yake. Kwa hiyo sifa moja kubwa ya chotara, ambayo bei yake inaibeba, kwetu haina kazi.

Joto ndilo letu. Kuku hana tezi za jasho. Likipita nyuzi 30 hivi anaanza kutweta mdomo wazi, anapunguza kula, na ganda la yai linakuwa jepesi. Chotara wekundu wana mwili mzito kuliko kuku weupe wa mayai, na jua la mchana huwatesa zaidi. Kinyume chake, yule kishingo ambaye watoto humcheka kwa shingo yake tupu ana manyoya machache kuliko wenzake, na joto humtoka upesi. Wanasayansi wa kuku wanaithamini jeni yake kwa ajili ya nchi za joto. Shangazi unaye uani, bure.

Chokaa ipo, samaki wapo, mahindi hayapo

Tufanye hesabu. Chotara wa mayai anakula gramu 120 hivi kwa siku. Kuku kumi ni kilo moja na robo kasoro, maana yake mfuko wa kilo 50 unawatosha siku 41. Ukiupunguza hawi mvumilivu kama kuku wa kienyeji. Mwili wake umeundwa kutoa yai, kwa hiyo hutoa yai kwanza kutoka mifupani mwake, kisha anadhoofika, kisha anasimama.

Sasa tazama kisiwa. Kila ganda la yai lina gramu 2 hivi za kalsiamu, na kalsiamu Macaloe tunaikanyaga: maganda ya chaza na makome yamejaa ufukweni, ni kuyaponda tu. Protini ipo pia, maana pwani inayokausha samaki haikosi vichwa na matumbo. Lakini samaki wa chumvi asipewe kuku, chumvi huua vifaranga. Apewe mabaki mabichi yaliyochemshwa. Na ajue anayeuza mayai kwamba samaki wakizidi, yai hunuka samaki. Baadhi ya kuku wa mayai ya kahawia walikuwa na kasoro ya kurithi iliyozidisha harufu hiyo, hadi jeni yake ikagunduliwa na makampuni yakaiondoa katika koo zao.

Kinachokosekana ni nafaka, ambayo ni zaidi ya nusu ya chakula cha kuku wa mayai. Kisiwani mahindi yanavuka maji kutoka bara, na yakifika yanaliwa na watu. Tangu vita vilipoanza Cabo Delgado mwezi Oktoba 2017, na tangu kimbunga Kenneth kilipopiga pwani ya Macomia mwezi Aprili 2019, njia hiyo imekuwa ikikatika bila taarifa. Banda la chotara kumi ni ahadi ya kwamba mfuko utafika kila baada ya wiki sita, mwaka mzima. Kwetu nani anaweza kuitoa ahadi hiyo? Kuku wa kienyeji haahidiwi kitu. Anaparua, anaokota, na siku watu wanapohama anaingia kwenye tenga na safari inaendelea.

Akifa, nani anatoa mwingine?

Hapa ndipo vijana wa kundini wanapoteleza. Watoto wa chotara hawafanani na mama yao. Makampuni huweka koo za mababu kwao na kuuza kizazi cha mwisho tu. Ukimpandisha chotara kwa jogoo wako, mayai yanapungua na sifa zinatawanyika. ISA leo ni ya kampuni ya Kiholanzi Hendrix Genetics. Lohmann na Hy-Line zote ni za kundi moja la Kijerumani, EW Group. Anayefuga chotara anarudi dukani kila mwaka na nusu. Leicester duka liko dakika ishirini kwa gari. Kutoka Macaloe ni mashua, kisha barabara hadi Pemba au Nampula.

Kuku wetu anataga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, katika mizunguko mitatu hivi, na hapo mtu huona aibu. Lakini sehemu kubwa ya mayai hayo si ya kuliwa, ni ya kuatamiwa. Anakaa siku 21 bila umeme wala mashine ya kutotolesha, anatoka na vifaranga, anawafunika mwewe akipita. Chotara wa mayai 300 hafanyi hata moja ya hizo kazi.

Mdondo kwanza

Kama ni hivyo, mbona nyua zetu hazijajaa kuku? Kwa sababu ya ugonjwa wa mdondo, wengine huuita kideri. Ukiingia kwenye kundi lisilochanjwa unaweza kuua kuku wanane kati ya kumi, au wote. Mtu anaamka na uwanja mtupu, anahitimisha kwamba kuku wa kienyeji hana faida. Aliyemkosesha faida ni mdondo.

Kinga yake inajulikana na imepita mikononi mwa Wamsumbiji wengi. Chanjo ya I-2 ilitoka Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Inavumilia joto kuliko chanjo za kawaida, ikafaa vijiji visivyo na friji, na imekuwa ikitengenezwa Maputo, na kwa Tanzania kule Kibaha. Ni tone moja la jicho kwa kila kuku, kila baada ya miezi minne. Msumbiji kampeni zake zilipangwa Machi, Julai na Novemba. Chotara naye akija bila tone hilo atakufa vilevile, tena na hela yako.

Na Kuroiler je?

Kijana wa picha ya Mtwara hakukosea sana. Kuroiler wa India na Sasso wa Ufaransa ni kuku wa kati: hutaga mara mbili tatu zaidi ya wa kienyeji, wana nyama, na wanaweza kuparua. Mradi wa ACGG, ulioongozwa na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, uliwapeleka kwenye kaya za vijijini Tanzania, Ethiopia na Nigeria. Lakini angalia walivyopelekwa: walilelewa kwanza wiki sita hivi, wakachanjwa, ndipo wakagawiwa. Hata huyo wa kati alihitaji mtu wa kumtangulia.

Kwa hiyo, shangazi, pesa za kuku nitakazotuma zigawe hivi. Za kwanza ziende kwenye chanjo, na mchanje pamoja na majirani wote, maana kuku wa jirani asiyechanjwa ni mlango wa mdondo uani kwako. Za pili zijenge banda dogo la usiku na tenga la kufungia vifaranga wiki za mwanzo, wasichukuliwe na kunguru. Kisha chagua majike wenu wanaoatamia vizuri, na kishingo awemo. Mwaka ukipita na kundi likikua, nunua majogoo wawili wa Sasso au Kuroiler waliochanjwa, wapande hao majike. Hapo watoto watakaozaliwa watazidi kwa mayai na nyama, na uatamiaji utabaki kwa mama zao wa kienyeji.

Na siku mahindi yatakapofika Macaloe kila mwezi bila kukosa, niandikie. Hapo tutazungumza habari za ISA Brown.