Binti Anayesomea Mwanga

Miongoni mwa maswali tunayoletewa na akina mama, lipo moja linalorudi kila msimu wa karo: mtoto akichagua masomo ambayo mzazi haoni faida yake, je, aendelee kulipiwa? Mwaka huu swali hilo limebisha hodi nyumbani kwetu wenyewe.

Mpwa wetu yuko mwaka wa pili wa masomo ya sanaa. Mamaye, dada yetu, ni mjane mshona mabuibui, na karo yote yatoka katika cherehani ile. Tulipomuuliza binti kazi anayoitayarisha, alisema hachori wala hachongi; anatengeneza chumba cha giza ambamo mwanga utapenya kidogo kidogo, mfano wa nyota za mbali. Dada yetu akatugeukia. "Kaka, mimi nikeshe na sindano ili mtoto akacheze na taa?" Alitutaka tumwamuru binti abadilishe masomo.

Tuliomba muda tujifunze kwanza, kwani kulihukumu jambo tusilolijua si adabu tuliyofunzwa chuoni. Binti akatupa habari za msanii anayemfuata, James Turrell wa Marekani, nasi tukazisoma.

Turrell alizaliwa Los Angeles mwaka 1943, na akiwa na miaka 16 alikwisha kupata leseni ya urubani. Katika chuo cha Pomona alisomea saikolojia ya namna macho yanavyotambua vitu, akamaliza mwaka 1965, kisha akaingia masomo ya sanaa. Mwaka 1966 alielekeza mwanga wa projekta kwenye pembe ya chumba, na watazamaji wakaona mchemraba mweupe unaoelea hewani. Hapakuwa na kitu ila mwanga na kuta mbili. Baadaye, katika jengo la iliyokuwa hoteli huko Santa Monica, aliziba madirisha, akaacha mianya michache tu ya kupitishia mwanga wa nje.

Mwaka 1974, akizunguka kwa ndege, aliiona Roden Crater, volkeno iliyozimika karibu na Flagstaff, Arizona. Aliinunua mwaka 1977, na tangu hapo anaichimba njia na vyumba vya kutazamia jua, mwezi na nyota. Njia moja ina urefu wa zaidi ya mita 250. Imepangwa ili kila baada ya miaka 18.6 hivi, mwezi ufikapo upeo wake wa kusini, sura yake iangukie kwenye jiwe lililosimamishwa ndani. Sisi tunaopanda juu ya mapaa kuutafuta mwandamo twajua taabu ya kuungoja mwezi kwa dakika chache. Huyu ameipangia kazi hiyo miongo ya umri wake.

Wala chumba cha giza si kigeni katika turathi zetu. Al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965, ameeleza katika Kitab al-Manazir jinsi ya kuweka taa kadhaa mbele ya tundu linaloelekea mahali penye giza. Kila taa hutoa doa lake ukutani. Ukiifunika moja, doa lake pekee hutoweka. Kwa njia hiyo alibainisha kwamba mwanga huenda kwa mstari ulionyooka, na kwamba mianga mingi hupita tundu moja bila kuchanganyika.

Tulimwambia dada yetu kwamba masomo haya yana asili na yana hesabu, lakini hatukumwahidi kuwa yatarudisha fedha zake. Binti naye tukamwambia: kabla ya kuwaonyesha walimu, mwonyeshe mama.

Adhuhuri moja alilifunika dirisha la chumba cha kushonea kwa mabaki ya kitambaa cheusi, akaacha tundu dogo mfano wa mbaazi. Macho yetu yalipozoea giza, njia yote ya mtaani ikaonekana ukutani, juu chini: mnazi wa jirani umening'inia, mkokoteni wa maji ukipita magurudumu juu. Dada yetu alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na mwezi, waweza kuingia hapo?" Binti akamweleza kwamba waweza, ila tundu litahitaji kupanuliwa, na sura itakuwa hafifu. Wakakaa wakizungumza hayo hadi alasiri, nasi tukaondoka bila kuagwa.

Karo ya muhula imelipwa. Dada yetu ameweka sharti lake mwenyewe, kwamba wakati wa likizo binti ajifunze ufundi wa umeme, apate cha kumlisha iwapo sanaa haitamlisha. Binti amelikubali, tena kwa furaha, maana taa zake pia zinauhitaji.

Wazazi wenzetu, mtoto akikuleteeni jambo msilolijua, mwambieni, "Nionyeshe," na mumpe nafasi ya kuonyesha kabla ya kumuuliza litaleta shilingi ngapi. Na siku ya jua kali, lijaribuni tundu hilo nyumbani. Waonyeni watoto wasilitazame jua kupitia tundu. Walipe mgongo dirisha na kuangalia ukuta.