Ufunguo wa Televisheni

Ndugu wanafunzi, nimeombwa niwaandikie juu ya kazi yangu. Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Kampala, na kazi hii imenifunza neno moja: chombo chema ni kile kisichomfunga mwenyewe kwa mtu mmoja.

Redio twaifahamu sote. Nunua ya kampuni yo yote, yashika stesheni zote za masafa yake, kwa kuwa watengenezaji na watangazaji hufuata kanuni moja iliyo wazi. Televisheni ya intaneti mara nyingi si hivyo. Kila kampuni hutia programu zake, na vipindi hupita katika mlango wake. Seti yangu mwenyewe ingali na kioo kizima na sauti safi, lakini mtengenezaji aliacha kuipelekea masahihisho, na vipindi vikakoma kimoja kimoja. Niliifungua, nisione waya uliokatika. Ufundi wangu haukufaa kitu, maana ugonjwa haukuwamo ndani ya seti.

Huko Ulaya, Wafaransa na Wajerumani waliunganisha juhudi zao, na mwaka 2010 kanuni iitwayo HbbTV ikatolewa na ETSI, taasisi ya viwango vya mawasiliano. Yatumia lugha ya kurasa za intaneti. Mjerumani hubonyeza kitufe chekundu akapata vipindi vya ziada vya ARD au ZDF, maadamu seti yake yafuata kanuni hiyo, iwe ya kampuni hii au ile.

Nchini India, Tume ya Ushindani ilichunguza masharti ya Google. Mtengenezaji wa televisheni aliyetaka duka lake la programu ilimpasa kuchukua na programu zake nyingine, wala asitengeneze vyombo vyenye Android iliyogeuzwa. Shauri lilimalizwa kwa mapatano mwaka 2025: Google ilikubali kutoa duka hilo mbali na programu hizo, kwa ada, ikalipa rupia zaidi ya milioni 200.

Wengine husema kanuni moja huwazuia wavumbuzi. Mimi naona kinyume. Kanuni ikiwa wazi, makampuni hushindana kwa kioo, sauti na bei, na kijana aweza kuandika programu moja ikafaa seti nyingi. Ufunguo ukiwa wa mmoja, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Basi, ninyi mjifunzao fizikia na hesabu, msitosheke na kujua kutumia vyombo. Kanuni hizi huandikwa na watu waliokaa mezani. Zitakapoandikwa nyingine, nataka nisikie kwamba mmoja wa shule yetu alikuwapo.