Mgeni wa Barafu: Timu Inapohamia Mji Unaokua

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Waliotunga methali hii walimfikiria mtu mmoja aliyebisha hodi, akatandikiwa mkeka, akapewa chakula, kisha akatarajiwa kushika kazi pamoja na wenyeji wake. Hawakupata kumfikiria mgeni wa aina ya yule aliyeingia Salt Lake City, katika jimbo la Utah nchini Marekani, mwezi wa Aprili mwaka wa 2024: timu nzima ya hoki ya barafuni, wachezaji, wakufunzi na magongo yao, iliyotoka jangwani Arizona ikiwa imeacha nyuma hasara za miaka mingi. Mgeni huyu hakupewa jembe. Alinunuliwa kwa dola bilioni 1.2, na kabla ya mwaka kwisha wenyeji walikuwa wamekwisha kutakiwa kumkarabatia nyumba.

Swali lililoulizwa wakati huo, na ambalo huulizwa kila timu inapohama, ni kama mji unaokua unaweza kumlea mgeni kama huyo. Aghalabu swali hili hujibiwa kwa kuhesabu vichwa. Kwa kipimo hicho Utah ilifuzu bila taabu, kwani kati ya sensa ya 2010 na ile ya 2020 hakuna jimbo jingine la Marekani lililokua kwa kasi kuliko Utah. Watu wake waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 18. Lakini Phoenix nayo ilikuwa imefuzu kwa kipimo hicho hicho, na timu ikaondoka. Hapo ndipo penye utata, na ndipo panapofaa kukaa kidogo.

Yafaa kwanza msomaji wa Nairobi aiweke kando picha ya hoki aliyoizoea. Hoki ya Kenya huchezwa uwanjani, na ina historia ya heshima: mwaka wa 1971 timu ya taifa ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo, mjini Barcelona. Hii ya Amerika Kaskazini huchezwa juu ya barafu, kwa viatu vyenye makali ya chuma, na kinachopigwa si mpira bali kisahani kigumu cha raba. Barafu yenyewe hugandishwa kwa mitambo ndani ya ukumbi, hata kama nje jua linaunguza. Katika msimu wa 2024-25 kila timu ya ligi ya NHL ilicheza mechi 41 nyumbani. Klabu hizi huyategemea mno mapato ya mlangoni: tikiti, vyakula, maegesho ya magari. Kwa hivyo ukumbi ndio moyo wa biashara nzima. Palipo na ukumbi mbaya, wingi wa watu mjini hausaidii kitu.

Phoenix ilijifunza hayo kwa gharama kubwa. Klabu ya Winnipeg Jets ilihamia huko kutoka Kanada mwaka wa 1996, ikapewa jina la Coyotes, mnyama wa jangwani wa jamii ya mbwa mwitu. Mji ulikuwa ukifura: mwaka wa 1990 ulikuwa na wakazi waliokaribia milioni 1, na kufikia 2020 walikuwa wamepita milioni 1.6. Hata hivyo ukumbi wa katikati ya mji ulikuwa umejengwa kwa ajili ya mpira wa vikapu, na kutoka baadhi ya viti goli moja halikuonekana vizuri. Mwishoni mwa 2003 timu ikahamia ukumbi mpya katika mji jirani wa Glendale, upande wa magharibi, ilhali wengi wa wanunuzi wa tikiti waliishi mashariki, pande za Scottsdale. Mtu aliyetoka kazini jioni alipaswa kulivuka jiji zima katika msongamano wa magari ili aiwahi mechi ya siku ya kazi. Yeyote aliyewahi kukwama barabarani Nairobi saa kumi na mbili jioni hahitaji kuelezwa kwa nini viti vilibaki vitupu.

Glendale, mji wenye watu wapatao 226,000 katika sensa ya 2010, ulikuwa umetoa dola milioni 180 kuujenga ukumbi huo. Mwaka wa 2009 klabu ikatangaza kufilisika. Tajiri wa Kanada, Jim Balsillie, alitaka kuinunua na kuipeleka Hamilton, mahakama ikamkatalia, na ligi yenyewe ikainunua kwa dola milioni 140. Ikawa sasa mji mdogo unailipa ligi tajiri dola milioni 25 kwa mwaka, kwa misimu miwili, ili timu isiondoke. Wamiliki wapya walipopatikana mwaka wa 2013, Glendale ukakubali kuwalipa dola milioni 15 kila mwaka kwa kazi ya kuusimamia ukumbi, mpaka baraza la mji lilipochoka na kuuvunja mkataba huo mwaka wa 2015. Je, hapo ni nani aliyekuwa akimlea nani? Kwa hakika mwenyeji aliyekopa ili mgeni ale ameacha kuwa mwenyeji, amekuwa mateka.

Kuanzia 2022 timu ilijibanza katika ukumbi wa chuo kikuu mjini Tempe wenye nafasi ya watu wapatao 5,000 tu. Mwezi wa Mei 2023 wapiga kura wa Tempe waliombwa waidhinishe mradi wa dola bilioni 2.1 ambao ungewapa Coyotes makao ya kudumu mahali palipokuwa jaa la taka. Wakakataa. Huenda hawakuichukia hoki. Glendale haikuwa mbali, na macho walikuwa nayo. Tarehe 17 Aprili 2024 Coyotes walicheza mechi yao ya mwisho, wakaishinda Edmonton 5-2, na mashabiki wakabaki vitini baada ya mchezo kwisha kana kwamba wako matangani.

Msiba wao ulikuwa wa kweli, na wanaodai kwamba jangwani hapakuwa na mapenzi ya hoki wanakosea. Auston Matthews alikulia Scottsdale akiitazama timu hiyo, akajifunza kuteleza kwenye barafu katika nchi ya miti ya mdungusi, na mwaka wa 2016 akachaguliwa wa kwanza miongoni mwa chipukizi wote walioingia NHL, akaenda zake Toronto. Shamba lilizaa. Kilichokosekana ni ghala.

Kwa upande mwingine, Winnipeg yenyewe, iliyonyang'anywa timu mwaka wa 1996 baada ya watu wa kawaida kuchanga fedha zao ili kuizuia isiende, ilipata nyingine mwaka wa 2011. Hiyo nayo ilitoka Atlanta, mji mkubwa unaokua, ambao ulikuwa umekwisha kuipoteza timu ya kwanza kwa Calgary mwaka wa 1980. Winnipeg iliwekewa lengo la tikiti za msimu 13,000. Zilipofunguliwa kwa umma, zilizokuwa zimebaki zikaisha kwa dakika 17. Jambo hili lilisimuliwa kama hekaya ya uaminifu. Miaka zaidi ya kumi baadaye, tikiti hizo zilikuwa zimeteremka zikakaribia 9,500, na viongozi wa klabu wakaanza kusema hadharani kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea. Shangwe za harusi hazipimi ndoa.

Wapenzi wa lugha watapendezwa na namna timu hizi zinavyohama na majina yao kama mizigo isiyofunguliwa. Atlanta iliiita timu yake Flames, yaani ndimi za moto, kwa kukumbuka mji ulivyoteketezwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe; jina hilo lipo Calgary hadi leo, ambako vita hivyo havikufika. Salt Lake City nayo ina timu ya mpira wa vikapu iitwayo Jazz, jina lililokuja na timu kutoka New Orleans mwaka wa 1979, ingawa milima ya Utah haikujulikana kwa muziki huo. Wageni wa hoki walipofika hawakuruhusiwa kuja na jina wala rekodi za Arizona. Kwa msimu mmoja wakaitwa Klabu ya Hoki ya Utah tu, na mwaka wa 2025 wakapewa jina la Mammoth, yule mnyama mkubwa wa kale mfano wa tembo.

Je, Salt Lake City itaweza? Mchezo si mgeni huko: timu ya daraja la chini, Golden Eagles, ilicheza tangu 1969 hadi 1994, na mji uliandaa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi mwaka wa 2002. Mmiliki, Ryan Smith, anaimiliki pia Jazz, kwa hivyo ukumbi wa Delta Center haukai bure usiku ambao barafu haitumiki. Ukumbi uko katikati ya mji, na treni za umma hupita karibu. Haya yote Glendale haikuwa nayo. Lakini Delta Center ulifunguliwa mwaka wa 1991 kwa ajili ya mpira wa vikapu, na mechi ya kwanza ya hoki ilipochezwa tarehe 8 Oktoba 2024, Chicago ikalazwa 5-2, viti vyenye kuona barafu yote bila kizuizi vilikuwa 11,131 tu. Maradhi ni yale yale ya Phoenix ya 1996. Tofauti ni kwamba safari hii tiba ilianza mapema, na imeandikiwa wananchi.

Sheria ya jimbo iliruhusu mji kuongeza kodi ya mauzo kwa nusu asilimia kwa muda usiozidi miaka 30, ili zipatikane hadi dola milioni 900 za kuukarabati ukumbi na mazingira yake. Kodi hiyo ilianza kutozwa Januari 2025. Ni senti 50 katika kila dola 100. Ni kidogo, na ndiyo maana haikuzua fujo. Hata hivyo haimuulizi mnunuzi kama anapenda hoki. Salt Lake City na viunga vyake ni makao ya wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi, wasemaji wa Kiswahili miongoni mwao. Mama anayewanunulia wanawe viatu vya shule mjini humo anaichangia Mammoth, awe amewahi kuiona barafu ya Delta Center au la.

Kwa sasa yamkini mji unaiweza timu hii. Ukarabati wa ukumbi ulianza mwaka wa 2025. Lakini Winnipeg ilichukua zaidi ya mwongo mmoja kuonyesha uchovu, na Utah ingali katika fungate. Olimpiki ya Majira ya Baridi imepangwa kurudi Salt Lake City mwaka wa 2034. Kufikia wakati huo timu itakuwa na umri wa kuzoeleka, tikiti zake zitakuwa zikinunuliwa na wanaoipenda tu, na wakazi watakuwa wameilipa kodi ile kwa miaka 9, wakisaliwa na miaka ipatayo 20.