Kutu Nyekundu Kwenye Breki za Gari

Ndugu msomaji, huenda utasema: Mimi sina gari, habari za breki zanihusu nini? Lakini kupanda gari wapanda. Mgonjwa akizidiwa usiku mwakodi gari la jirani kumpeleka Bombo. Arusi ikiwa Korogwe au matanga yakiwa Lushoto, mwajazana ndani ya Noah ya mtu, watoto mapajani. Basi habari hii ni yako pia, hasa wewe unayekaa huku kwetu pwani, toka Moa mpaka Pangani, ambako hewa ya bahari hula chuma mchana na usiku.

Mimi ni karani wa parokia. Pamoja na vitabu vya ubatizo, nashika na daftari la gari: safari, mafuta, matengenezo. Kwa hiyo kila lalamiko juu ya gari hufika kwanza mezani kwangu. Liko moja nimelisikia mara nyingi kuliko mengine, nalo husemwa kwa hofu: "Karani, breki zimeoza!"

Mambo huwa hivi. Gari limelala siku mbili tatu, na mvua ya masika imenyesha. Asubuhi mtu anachungulia kati ya matundu ya rimu, anaiona ile sahani ya chuma ambayo juzi iling'aa kama sufuria mpya, sasa ni nyekundu kama udongo wa Usambara. Sahani hiyo mafundi huiita diski. Dereva akikanyaga breki, pedi mbili huibana diski huku na huku, na gurudumu husimama. Diski ni ya chuma cha kusubu, na pale pedi zinaposugua haiwezi kupakwa rangi, maana rangi ingetoka siku ile ile ya kwanza. Ndiyo sababu imeachwa wazi, na saa chache tu za unyevu zatosha kuifanya nyekundu.

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifanya jaribio ambalo wewe waweza kulifanya nyumbani na watoto. Twaa misumari mitatu mipya na chupa tatu. Wa kwanza utie katika maji yaliyochemshwa sana yakapoa, kisha mimina juu yake mafuta ya kupikia ili hewa isiingie. Wa pili utie katika maji ya kisima. Wa tatu uchovye katika maji ya bahari, uuweke katika chupa tupu, na kila siku uuchovye tena. Ngojeni juma moja. Watoto wataona wenyewe kwamba kutu yataka chuma, maji na hewa pamoja, na kwamba chumvi huiharakisha. Chumvi hiyo ndiyo inayoletwa na upepo juu ya magari yetu.

Wazee waliozoea Land Rover za zamani ndio hushangaa zaidi. "Zamani hatukuyaona haya," husema. Ni kweli hawakuyaona, maana magari yale yalikuwa na breki za ngoma magurudumu yote manne, na kutu ilijificha ndani ya ngoma. Diski zilipata sifa kubwa mwaka 1953, gari la Jaguar lenye breki za namna hiyo liliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, kule Ufaransa. Siku hizi magari mengi madogo yana diski mbele na ngoma nyuma, na wekundu waonekana kwa kila apitaye.

Basi dawa ya kutu ya usiku mmoja ni nini? Ni breki zenyewe. Washa gari, kwanza hakikisha kwamba breki zashika, kisha nenda polepole mahali peupe pasipo watu, ukanyage breki kidogo kidogo mara kadhaa. Utasikia mkwaruzo, kisha utapungua na kwisha. Shuka utazame: pedi zimeisugua kutu yote, diski inang'aa. Hukutoa hata senti moja. Nasema hivi kwa sababu nimemwona baba mmoja akiuza mbuzi wawili ili anunue diski mpya, baada ya kuambiwa katika gereji fulani kwamba zake zimeoza, kumbe ilikuwa kutu ya siku mbili.

Jambo moja nakusihi usilifanye kamwe, nalo ni kupaka diski oili, grisi au dizeli. Hapa pwani watu wengi hupaka oili chafu chini ya gari kuzuia kutu. Kijana mmoja dereva, mwenye bidii sana, aliona si haki diski zikose. Akazipaka vizuri kwa kitambaa, pande zote. Bahati njema alianza kulijaribu gari uani, si barabarani. Alikanyaga, gari likaendelea na safari yake mpaka likauegemea mnazi. Pedi zilikuwa zimekunywa oili, zikatupwa, zikanunuliwa nyingine. Hebu fikiri kama angeanza safari yake Lushoto! Kutoka huko hadi Mombo ni yapata kilometa 32, na katika mwendo huo mfupi washuka kama mita 1,000, kona juu ya kona, bonde likikutazama upande mmoja.

Lakini nisije nikakufanya udharau kila kutu. Iko inayouma. Gari likikaa miezi bila kutembea, kutu hutoboa vishimo ambavyo pedi haziwezi kuvisawazisha. Ukiisha kwenda kilometa kumi na bado mkwaruzo upo, au diski ina mviringo mwekundu usiotoka, au kanyagio latetemeka chini ya mguu, au gari lavutwa upande mmoja ukifunga breki, basi nenda kwa fundi. Vivyo hivyo gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine na kunuka kuungua. Mara nyingi hapo chumvi na kutu zimeziganda pini za kalipa, yaani chombo kinachobana pedi, nayo pedi haiachii. Diski nyingi huandikwa ukingoni unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Mwambie fundi aipime mbele yako, akuonyeshe kipimo. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Mwulize pia mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na breki zikipata moto mkali mteremkoni maji yale huchemka, kanyagio likazama chini bila kitu. Watengenezaji wengi husema yabadilishwe kila miaka miwili. Na dereva anayeshuka Lushoto kwa gia kubwa, akining'inia juu ya breki njia nzima, mwambie aingize gia ndogo, hata kama atakununia.

Gari likiosha au likinyeshewa, usiliegeshe mara moja. Liendeshe kidogo huku ukigusa breki ili zikauke. Likipita katika mchanga wa ufukoni au maji ya bahari, lioshe magurudumu kwa maji baridi siku hiyo hiyo, ndani na nje. Na likiwa litakaa majuma mengi, liweke mahali pakavu na tambarare, utie mawe mbele na nyuma ya matairi, uiache breki ya mkono bila kuivuta, maana kutu yaweza kuzigandisha breki. Ukilikuta limeganda, lisogeze taratibu mbele na nyuma, aghalabu utasikia "ko!" likaachia. Lisipoachia, usilivute kwa gari jingine. Mwite fundi afungue gurudumu.