Chatu Anapofunga

Huko Bariadi, chatu ni mwizi wa mbuzi na ni mchezaji wa ngoma. Bayeye, wale waganga wa sumu na wachezeshaji wa nyoka wa Kisukuma, walikwisha kuandikwa na Hans Cory mwaka 1946, na chatu angali hutolewa kikapuni akavishwa shingoni mwa mchezaji. Mbina hizo hunoga baada ya mavuno, pamba ikiwa imeuzwa na mifuko ina kitu.

Basi hebu msomaji amfikirie mfugaji ambaye, katika msimu huohuo, chatu wake jike aliyezoea kumeza kuku mzima anamgeuzia kuku kichwa. Wiki hii hivyo, na ijayo vivyo. Nyoka huyo ndiye sahani ya wanawe. Na kwa kuwa Bagika na Bagalu hushindana kwa dawa kama wanavyoshindana kwa nyimbo, si ajabu dhana ya kwanza ikawa ya kulogwa.

Kiswahili kinampa maneno matatu. Kugoma kuna madai ndani yake. Kususa kuna kinyongo, nalo ni neno la watoto na wakwe. Kufunga ndiko kulikomkaribia mnyama huyu, maana kuna mwezi wake.

Mwaka 2018 Graham Alexander, wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alitoa matokeo ya miaka saba ya kuwafuatilia chatu wa kusini, ambao wamo pia Tanzania, katika hifadhi ya Dinokeng, Afrika Kusini. Jike anayezaa hukaa zaidi ya miezi sita bila ya kula. Ngozi yake huwa nyeusi, akaota jua mlangoni mwa shimo hadi mwili ukaribie nyuzi 40, kisha akarudi kuyazungushia mayai joto hilo. Yakianguliwa, hubaki na wanawe kiasi cha wiki mbili. Dume naye hupunguza kula anapomwandama jike. Na chatu wa kufugwa, hata asiye na mwenziwe, huweza kuacha chakula msimu ukimfika.

Mwanamke yeyote wa Bariadi aliyefuga kuku analijua nusu ya jambo hili. Tetea anayeatamia huinuka mara moja kwa siku, akadonoa kidogo, akarudi. Ila chatu hainuki kutafuta punje.

Hatari ni pale mfugaji anaposhika mti na kumsukumia nyama kooni. Chatu hutapika, na huweza kuchanika ndani. Afadhali amtazame kinywa: ute mzito na fizi zenye usaha ni maradhi, si msimu. Kinywa kikiwa safi na mwili haujakonda mno, amwekee maji, amwache gizani, wala asimtoe uwanjani. Hayo ni rahisi kuyaandika. Mbina ni za miezi michache, na karo ya shule haijui kuatamia.

Kuku aliyekataliwa hurudishwa bandani.