Kenda na Hamsa katika Simu ya Upepo

Suala ninalolidokeza hapa ni dogo kwa umbo, zito kwa matokeo: namna tarakimu zinavyosikika katika simu ya upepo ya kijeshi. Tarehe 11 Julai 1915, katika delta ya Rufiji, kaskazini ya Kilwa nilikokulia, ndege ya Waingereza ilisahihisha kwa herufi za Morse shabaha ya mizinga iliyoishambulia manowari ya Kijerumani, Königsberg. Herufi hizo hazina lafudhi. Sauti ya mtu inayo.

Ndiyo maana utaratibu wa mazungumzo ya kijeshi huikarabati lugha. Kwa Kiingereza, 9 hutamkwa "naina" isidhaniwe 5, na mpokeaji hutakiwa kuzirudia tarakimu alizozisikia.

Kiswahili nacho kina mitego yake. "Sita" na "tisa" zimebadilishana konsonanti tu. "Tatu" na "tano" zinashiriki silabi yenye mkazo. Kinachozitofautisha ni silabi hafifu ya mwisho, ambayo humezwa kwanza na mvumo. Wavuvi wa Kilwa Kivinje, wakiulizana idadi kutoka chombo hadi chombo, huinua vidole. Askari aliye nyuma ya kilima hana vidole vya kuonyesha, na kosa la tarakimu moja laweza kuliangusha kombora juu ya wenzake.

Kwa maoni yangu, dawa tunayo. Nimewasikia wazee wa pwani wakisema "kenda" kwa tisa, na "hamsa wa ishirini" kwa ishirini na tano. Maneno hayo tuyaitayo ya kikale hayachanganyikani na jirani zake. Msamiati wa zamani si pambo la tenzi peke yake. Waweza kuokoa roho.